Taa ya tangi la matumbawe: ipandishe kwanza, nguvu ije baadaye

fundi_matangi

Wakuu, salaam.

Tangu niseme humu kwamba kazi yangu hapa Dubai ni kuhudumia matangi ya maji ya chumvi kwenye majumba ya watu, faragha yangu imejaa swali moja: "Fundi, nimenunua taa ya bei mbaya na matumbawe bado yanadhoofu, ninunue ipi nyingine?" Huwa nauliza kwanza taa hiyo imetundikwa wapi. Wengi wanajibu kwamba wameifunga pale ule mkono wake uliokuja kwenye boksi ulipofika. Basi, hapo ndipo tunaanzia.

Uzi huu ni wa mahali pa kuweka taa. Chapa ipi ni bora sitaongelea, ugomvi huo una nyuzi zake na haujawahi kumpa mtu tumbawe zuri.

Kwa wageni wa mambo haya: ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana, wanaitwa zooxanthellae. Wao ndio wanaopika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji sehemu kubwa ya anachokula. Mwanga wanaoutumia tunaupima kwa PAR, yaani fotoni (chembe za mwanga) za urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, zinahesabiwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Kuanzia hapa nitaandika namba tupu. Jua la saa sita mchana kwenye tropiki linagonga uso wa bahari kwa karibu 2,000. Kwenye tangi hatuhitaji hata robo yake.

Kila aina ya tumbawe ina kiasi chake. Kwa uzoefu wa wafugaji wengi, Zoanthus, uyoga wa Discosoma na matumbawe laini ya ngozi wanatulia kwenye 50 hadi 120. Euphyllia, wale wenye mikono mirefu inayocheza na mkondo, 80 hadi 150. Montipora 150 hadi 250. Acropora ndiye mlafi, 250 hadi 350, na ukimpitisha 400 mara nyingi unachoma umeme tu bila yeye kuongeza kitu.

Tatizo lenyewe ni hili. Mwanga unaotoka kwenye kitu kidogo unatawanyika, na umbali ukiwa mara mbili unabaki robo. Chukua tangi lenye kina cha sentimita 50. Tumbawe la juu kabisa kwenye mwamba liko sentimita 10 chini ya maji, lingine limekaa mchangani. Taa ikiwa sentimita 20 juu ya maji, la kwanza liko umbali wa 30 kutoka kwenye taa, la pili 70. Piga hesabu ya mraba: la juu linapata mwanga zaidi ya mara tano ya la chini. Sasa pandisha taa hadi 40. Umbali unakuwa 50 na 90, na tofauti inashuka hadi mara tatu na ushee. Hujahamisha jiwe hata moja.

Lenzi za taa, maji yenyewe na vioo vya pembeni vinavyorudisha mwanga ndani vinaibadilisha hesabu hii, kwa hiyo usiichukue kama kipimo cha tangi lako. Mwelekeo wake ndio uushike. Jua liko mbali kilomita milioni 150, kwa hiyo baharini mita tatu za kina si chochote kwa upande wa umbali, kinachopunguza mwanga kule ni maji. Ukiishusha taa karibu na maji unajenga kitu ambacho tumbawe halijawahi kukutana nacho: kichwani moto, kiunoni giza.

Mtu atasema ukipandisha, mwanga unapungua. Unapungua ndiyo, na ndiyo sababu taa ina asilimia za nguvu za kupandisha na kushusha. Taa iliyo karibu inayokwenda kwa 35% na taa iliyo juu inayokwenda kwa 80% zinaweza kulipa tumbawe la katikati kiasi kile kile, ila ile ya juu inawafikia na wa pembeni. Nunua taa yenye nguvu kuliko unayodhani unaihitaji, uitundike juu, uiendeshe kwa utulivu. Bili ya umeme itapanda kidogo na ukikaa kwenye sofa mwanga utakupiga machoni. Hiyo ndiyo gharama yake, na mimi kwa wateja wangu nailipa bila kusita.

Ulizeni.

---

Kolekole

Nipo nakusoma fundi. Hizo sentimita 40 ni kwa kila taa? Yangu kwenye karatasi yake wameandika 20 hadi 25.

---

fundi_matangi

Hapana mkuu, 40 nimeitumia kwenye hesabu tu. Karatasi ya mtengenezaji isome, kwa sababu yeye anajua pembe ya lenzi zake. Lenzi za nyuzi 60 zinatoa mwanga mwembamba unaokwenda mbali, hizo zinataka kuwa juu sana au kwenye tangi refu la kwenda chini. Lenzi za nyuzi 120 zinamwaga mwanga pande zote, ukizipandisha mno nusu yake inaishia sakafuni kwako. Taa nyingi ndogo za LED za nyumbani zinaangukia kati ya 20 na 35 juu ya maji. Ukiwa na karatasi inayosema 20 hadi 25, anza na 25, usianze na 20.

Tyubu za T5, zile nyembamba za fluoresenti, ni habari nyingine. Tyubu ni mstari mrefu, tayari mwanga wake umetandazwa, kwa hiyo unaweza kuziweka sentimita 15 hivi na hakuna tumbawe litakalolalamika. Wazee wa kazi bado wanazipenda kwa hilo, hazina vivuli vikali. Shida ni kwamba zinachoka, karibu kila mwaka unabadilisha, na kuzipata kunazidi kuwa kugumu baada ya Ulaya kufunga soko la tyubu za T5 na T8 za matumizi ya kawaida mwezi Agosti 2023.

Balbu za metal halide, zile za wati 250 na 400, zinamwaga joto jingi. Mwenye nazo azipe nafasi kubwa juu ya maji na feni. Na zile balbu zenye miguu pande zote mbili usiziwashe kamwe bila kioo chake cha kuzuia miale ya UV. Zinababua matumbawe na zinaumiza macho yako.

---

Chaza

Mie niko Mombasa, Nyali. Naona mwasema 250 kana kwamba ni jua la kiama, lakini maji yakitoka hapa kwetu matumbawe yabaki yamelala juani wazi wazi na hayafi. Mbona ya tangini yawe madeko hivyo?

---

fundi_matangi

Swali zuri sana hili, dada au kaka, samahani sijui.

Lile la pwani kwenu limezaliwa pale pale. Tangu lilipotua likiwa kijibuu, kiasi cha mwani ndani ya nyama yake na rangi zake za kujikinga vimepangwa kwa ajili ya jua lile. Jua lenyewe halisimami utosini saa nane mfululizo: asubuhi linakuja kwa mshazari, wingu linapita, mawimbi yanalikatakata, maji yanajaa na kupwa. Tumbawe la dukani pengine lilitoka kina cha mita nyingi, au lilikatwa kwenye shamba la ndani lenye mwanga wa 100, halafu likakaa kwenye mfuko gizani siku kadhaa. Ukilitoa humo na kulipeleka moja kwa moja kwenye 300, mwani wake wanazalisha sumu za oksijeni kuliko uwezo wa kuzisafisha, na tumbawe linawatema. Ndiko kupauka.

Na hata ya baharini yana mpaka wake. Joto likipanda kama nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto na likakaa hivyo wiki kadhaa, jua lile lile lililokuwa linayalisha linayaua. Mwaka 1998 mnaukumbuka, Kenya na Mafia miamba iligeuka myeupe. Kwa hiyo ukiona tumbawe lako limepauka, kabla hujaigusa taa soma kipimajoto. Tangi libaki kwenye 25 au 26.

---

Chaza

Ni dada. Shukran, nimefahamu. Basi na dirisha je? Nina dirisha kubwa lapokea jua la asubuhi, nilitaka tangi likae hapo niokoe umeme.

---

fundi_matangi

Dada Chaza, jua la dirishani linaingia kwa ubavu. Litamulika upande mmoja wa mwamba na kuotesha mwani kwenye kioo upande ule ule, na maji yatapata joto usiloweza kulizima kwa swichi. Huko Mombasa umeme utakaookoa kwenye taa utaulipa kwenye mashine ya kupoza maji.

Ukitaka kutumia jua kweli, likae juu. Watu wanatumia paa linalopitisha mwanga pamoja na neti ya kivuli ile ya vitalu vya mboga, inayokata nusu ya jua au zaidi. Inafanya kazi kwa matangi makubwa ya nje yenye maji mengi yasiyopata joto haraka. Kwa tangi la sebuleni, pazia.

---

Pweza_Mkavu

Hizi namba zenu mnazipima na nini? Mimi nina app ya simu inaonyesha lux. Inatosha?

---

Kangaja

Ngoja nimsaidie fundi hapa, niko Houston na nina kipimo. Lux imetengenezwa kwa ajili ya jicho la binadamu, na jicho letu linaona vizuri zaidi kijani cha karibu nanomita 555. Taa za matumbawe zimejaa bluu ya 420 hadi 480, ambayo lux inaihesabu kidogo mno. Simu itakwambia kuna giza wakati tumbawe linaungua. Usiitegemee.

Kipimo chenyewe ni sensa ya PAR. Mimi natumia Apogee, kampuni ya Utah. Ukiwa na MQ-510 imeshatengenezwa kwa ajili ya ndani ya maji. Ukiwa na MQ-500, soma namba halafu zidisha kwa 1.32, maana sensa ikizama inasoma pungufu. Bei yake inauma. Huku vilabu vya wafugaji vinaazimisha, na baadhi ya maduka yanakodisha kwa siku chache. Kupima unahitaji jioni moja tu, usinunue.

---

fundi_matangi

Shukrani Kangaja, umemaliza. Naongeza utaratibu tu. Taa iwe kwenye kiwango chake cha juu cha mchana. Pampu ziache zinafanya kazi, kwa sababu uso wa maji unaocheza ndio hali halisi ya tangi lako. Namba itarukaruka, chukua ya katikati. Sensa itazame juu wima, usiielekeze kwenye taa, na mkono wako usiifunike kivuli. Pima kila mahali lilipo tumbawe na kila mahali unapotaka kuliweka. Chora mwamba kwenye karatasi, uandike namba juu yake, uibandike ndani ya mlango wa kabati la tangi. Siku ukinunua tumbawe jipya karatasi hiyo itakuambia linakaa wapi.

Kabla ya kupima futa taa. Chumvi inayorushwa na mapovu inaganda kwenye lenzi polepole na huoni. Vifuniko vya kioo ndivyo vibaya zaidi, vikishika chumvi vinakula mwanga. Kama unaogopa samaki kuruka, weka neti nyembamba.

---

Kolekole

Fundi na mbele-nyuma je? Wote tunaongelea juu-chini tu. Tangi langu lina upana wa 60 kutoka kioo cha mbele hadi ukutani.

---

fundi_matangi

Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Urefu kwanza, kushoto kwenda kulia. Gawa tangi kwa idadi ya taa ulizonazo, kila taa ikae katikati ya kipande chake. Tangi la sentimita 90 lenye taa mbili: ya kwanza sentimita 22 kutoka kioo cha kushoto, ya pili 68. Watu huzisogeza taa zote katikati kwa sababu mwamba mkubwa uko katikati, halafu wanashangaa pembeni kuna giza. Mwanga wa taa mbili zikipishana unajumlishana, na hapo kati ndipo tumbawe linaungua.

Sasa mbele na nyuma. Wengi wanaweka taa katikati kabisa au nyuma zaidi kwa sababu mkono wake umebanwa kwenye kioo cha nyuma. Lakini wewe unalitazama tangi ukiwa mbele. Taa ikiwa nyuma ya tumbawe, uso wa tumbawe unaokutazama ndio upande wa kivuli, utaona kahawia wakati rangi zote ziko upande wa ukuta. Isogeze mbele kidogo kuliko katikati, tuseme upana ukiwa 60, taa iwe 25 kutoka kioo cha mbele. Rangi zitakugeukia. Utakwangua mwani kwenye kioo cha mbele mara nyingi zaidi, hilo lipo.

Na vivuli. Taa moja ya LED ni mwanga mkali kutoka sehemu moja, kila tawi la Acropora linafunika lililo chini yake, na linavyokua ndivyo miguu yake inavyokufa. Taa mbili dhaifu zinazomulika kutoka pande mbili ni bora kuliko moja kali. Hapa siyumbi. Mwenye bajeti ya taa moja kubwa namwambia nunua mbili ndogo.

---

Pweza_Mkavu

Mkuu yangu nikiiweka karibu naona mistari ya rangi kwenye mchanga, nyekundu huku bluu kule, kama disko. Ni mbovu?

---

fundi_matangi

Haijaharibika. Vidoa vya LED vya rangi tofauti vimepangwa mbali mbali na mwanga wake haujapata nafasi ya kuchanganyika. Ipandishe, au iweke kioo cha kutawanya mwanga kama kampuni yake inauza. Na hizo nyekundu na kijani zishushe, tumbawe linakula bluu. Nyekundu baharini inamezwa na maji mapema sana, chini kule haipo.

---

Changu wa Feri

Wakuu naomba msaada, niko Dar. Tangi 90 × 45 × 50, taa mbili kwenye mkono mmoja katikati, sentimita 18 juu ya maji. Rafiki kaniletea kipimo. Juu ya mwamba katikati nasoma 410, ubavuni mwa mwamba 160, pembeni kushoto 60, mchangani 40. Euphyllia iko juu katikati imejikunja wiki nzima. Montipora iko pembeni kushoto imegeuka kahawia. Muuzaji kaniambia Montipora inaumwa na kaniuzia dawa.

---

fundi_matangi

Dawa iache kwenye chupa.

Matumbawe yako yamebadilishana vyumba. Euphyllia anayetaka 150 amekaa kwenye 410, ndiyo maana amejikunja. Montipora anayetaka 200 amekaa kwenye 60, na ule ukahawia ni mwani anaoongeza ndani yake ili aupate huo mwanga mchache. Tumbawe lenye giza huwa kahawia, lenye mwanga mwingi hupauka kuanzia upande unaoitazama taa. Zoanthus wakikosa mwanga wanarefuka shingo. Ila angalizo: ncha nyeupe za Acropora ni ukuaji, usikimbilie kuzima taa.

Fanya hivi. Hamisha Euphyllia leo, mpeleke ubavuni kwenye 160. Achana na huo mkono mmoja, tundika taa kwa nyaya kutoka kwenye dari, moja 22 na nyingine 68 kutoka kushoto, sentimita 20 kutoka kioo cha mbele, na uzipandishe hadi 32. Pima tena. Ukikuta juu ni 200 usiongeze siku hiyo. Montipora amezoea giza, kwake hata 120 ni sherehe. Ongeza asilimia tano kila wiki, huku ukimtazama, hadi pale juu pafike 280. Saa za mwanga kamili ziwe nane, pamoja na saa moja ya kuwaka polepole asubuhi na moja ya kuzimika jioni. Usiku giza kabisa, hawahitaji bluu ya mapambo.

Dari ni la zege au jasi?

---

Changu wa Feri

Jasi fundi.

---

fundi_matangi

Basi usitundike chochote kwenye jasi. Kata tundu, upitishe nyaya hadi kwenye zege au kwenye mbao za paa, ufunge kwa bolti huko. Kila taa iwe na waya wa pili wa akiba usiovutika, ukilegea mmoja taa isiingie majini. Waya wa umeme uache ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke pale kwenye kona na lisifike kwenye plagi. Na mzunguko huo uwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja. Kama nyumba haina, mwite fundi umeme kabla ya kuniita mimi.

---

Jodari Mdogo

Natokea Bagamoyo. Huu uzi umenitamanisha. Matumbawe si yapo hapa hapa, nikizama kidogo napata. Kuna ulazima wa kununua?

---

fundi_matangi

Usifanye hivyo ndugu yangu. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyapitisha mpakani bila kibali ni kesi, na kung'oa mwambani huko nyumbani bila kibali ni kesi nyingine. Tafuta vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wafugaji wenzako. Ni rahisi zaidi, tayari vimezoea mwanga wa taa, na anayekupa anaweza kukwambia vilikuwa kwenye namba ngapi. Muulize hilo kabla ya bei.

---

Changu wa Feri

Narudi na majibu. Taa ziko 32, nimefunga kwenye mbao za paa. Kwa asilimia zile zile nilizokuwa nazo nasoma: juu katikati 210, ubavuni 150, pembeni kushoto 135, mchangani 70. Euphyllia jana jioni imeanza kufungua mikono. Montipora bado kahawia.

---

fundi_matangi

Tazama hiyo: kati ya juu na pembeni ulikuwa na tofauti ya karibu mara saba, sasa haifiki mara mbili, na hujanunua kitu zaidi ya nyaya. Montipora mpe miezi, rangi inarudi taratibu kuanzia ukingo unaokua. Asilimia tano wiki ijayo, siyo kesho. Na KH yako, yaani kipimo cha kabonati kwenye maji, pima pia, mwanga ukiongezeka watajenga mifupa haraka na wataishusha. Ukiona iko chini ya 7 simamisha kupandisha taa, rekebisha kwanza maji.